Kabla ya Kuwasha Kompyuta

Nimekuja kuamini kwamba somo la kwanza la kompyuta kwa mtoto wa shule ya msingi halihitaji kompyuta. Ninapojifanya roboti mbele ya darasa na kuwaomba wanafunzi waniongoze hadi mlangoni kwa maagizo mafupi tu, huwa nagonga meza mara kadhaa kabla hawajatambua kwamba kuniambia "nenda mbele" bila kutaja idadi ya hatua ni agizo pungufu; kicheko kinapokwisha, wao wenyewe huanza kusahihisha maagizo yao, na huko ndiko kuandika programu.

Wazo hili si geni. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig walibuni Logo, lugha ya programu ambayo baadaye ilimwezesha mtoto kumwongoza "kobe", yaani roboti mdogo au alama kwenye skrini, achore maumbo: ili kupata mraba, hurudia mara 4 agizo la kwenda mbele na kugeuka nyuzi 90. Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, ilipunguza makosa ya tahajia kwa kutumia vipande vya maagizo vinavyounganishwa kwa kipanya.

Kuhifadhi faili watoto hukujua upesi, pengine kuliko sisi walimu. Linalonitaabisha ni nywila, yaani neno la siri la kufungulia kompyuta au akaunti, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kugawana kila kitu na mwenzake huona ni uchoyo kumficha nywila hiyo; ndiyo maana siku hizi naifananisha na mswaki, ambao hata marafiki walio chanda na pete hawaazimani.