Mlango wa choo una sentimita ngapi? Nilivyopata nyumba ya kupanga Dar nikiwa kwenye kiti mwendo

Madalali wa Dar wanapenda sana kupiga picha dari. Mwambie unatafuta chumba na sebule, choo ndani, atakutumia dari ya jipsamu yenye taa za rangi, kisha sinki la jikoni, kisha geti. Mimi dari hainihusu. Nilizaliwa na mgongo wazi, natumia kiti mwendo tangu utotoni, na kwenye nyumba yoyote kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni upana wa mlango wa choo.

Mpaka nafikisha miaka 27 nilikuwa nakaa kwa shangazi, Gongo la Mboto. Sikuwa na ugomvi na mtu. Ila kazi yangu ni kupokea simu za wateja, ofisi iko Posta, katikati ya jiji, na safari ilikuwa inanimaliza. Konda akikiona kiti anagonga bodi, gari linaondoka. Bajaji ya kila siku nayo inakula mshahara. Nikaamua kuhamia karibu na mabasi ya mwendokasi, maana vituo vyake vina njia ya mteremko na sakafu ya kituo inakaribia kulingana na ya basi, hivyo naingia bila kubebwa kama gunia. Saa moja asubuhi ni vita, lakini ni vita vya kila mtu.

Kimara niliitoa mapema kwa sababu ya vilima. Nikabaki na Manzese, Magomeni na Kinondoni, ambako angalau ardhi ni tambarare. Jangwani, ambako mabasi hayo hupita kwenda Posta, hufurika wakati wa masika na mabasi husitishwa, hilo nililijua, nikalizungumza na bosi kabla sijaanza kutafuta.

Sasa nyumba zenyewe. Zile za zamani za Magomeni, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zina baraza iliyoinuliwa, vizingiti kila mlango, na choo kiko uani, cha kuchuchumaa, mnashea nyumba nzima. Kizingiti kina kazi yake, mvua ikinyesha maji yasiingie ndani, kwa hiyo sikilaumu. Lakini mimi nakojoa kwa katheta, mpira mwembamba wa kutolea mkojo, kila baada ya saa nne hivi, na hapo nahitaji maji, mikono safi na mlango wa kufunga. Choo cha kushea hakinifai hata mlango wake ungekuwa na mita mbili. Apatimenti mpya nazo zimejengwa kwenye viwanja vidogo: chini wameweka fremu za maduka, wapangaji wanaanzia ghorofa ya kwanza, lifti hakuna.

Kwa hiyo madalali niliwawekea masharti. Ikipatikana, kodi ya mwezi mmoja ni yako kama kawaida. Hela ya kuonyeshwa nyumba pia nitakupa, lakini siji kwanza. Nitumie video, futi ya fundi ikiwa imenyooshwa kwenye mlango wa choo, namba zisomeke. Nyingine nataka ngazi za kuingilia, na kimo chake. Wengi walikaa kimya. Mmoja aliniuliza, "Dada, unapanga nyumba au unapanga choo?" Nikamjibu kwamba sebule nitaingia tu, haina shida. Kijana mmoja wa Magomeni ndiye aliyenielewa. Kwenye video yake ya kwanza futi ilikuwa imegeuzwa kichwa chini, lakini alinielewa.

Na kama nimwambie mwenye nyumba mapema au nimshtukize? Mwanzoni sikuwaambia. Baba mmoja Kinondoni alikuwa ametuambia kwenye simu njooni tu, nyumba ipo. Alipofungua geti akakiona kiti, nyumba ikawa imeshachukuliwa. Tangu siku hiyo nilimwagiza dalali aseme kabisa kwamba mteja anatumia kiti mwendo. Bora mtu anikatae kwenye simu kuliko nilipe bajaji kwenda kukataliwa getini.

Niliyopata iko Magomeni, jirani na kituo cha Kagera. Ua mmoja, nyumba nne, ya kwangu iko chini. Mwenye nyumba ni mama mstaafu anayeishi hapo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utakaa na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Peke yako! Ukianguka usiku watu wako nitawaambia nini?"

Swali hili nililisikia karibu kila mahali, na linachosha, kwa sababu watu wanaokuuliza hivyo hawamuulizi bachela anayerudi saa nane usiku amelewa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu mwaka 2009, na kifungu chake cha 19 kinasema wazi kwamba nina haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Nimevisoma vyote. Pale sikuvitaja, maana nilikuwa nataka nyumba, sikuwa mahakamani. Nilimleta shangazi. Wakakaa barazani, wakagundua wote wana watu Tanga, chai ikaletwa, na swali la nitakaa na nani likafa lenyewe.

Kodi ilikuwa 250,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Ongeza ya dalali, ni 1,750,000 kabla sijanunua hata ndoo. Nilipokea zamu yangu ya mchezo wa ofisini, ule wa kuchangiana, nyingine nilikuwa nimeweka akiba. Mama alikuwa na ule mkataba wa kununua stesheneri, wa kujaza majina tu. Nikamwomba tuongeze vipengele: naruhusiwa kujenga njia ya mteremko na kutoa fremu ya mlango wa choo kwa gharama yangu, nikihama silazimiki kuvirudisha kama zamani, na kodi haitapandishwa kwa sababu ya marekebisho hayo. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021 tuliandika pia kwamba ni ya kwake, tutaitoa kwenye hesabu. Tulisaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akagonga mhuri.

Kazi ya fundi ndiyo iliyonitoa jasho. Mlangoni palikuwa na ngazi mbili, jumla kimo cha sentimita 30. Kipimo kinachofaa ni kila sentimita moja ya kupanda upewe sentimita 12 za urefu, yaani hapa mita tatu na nusu na kidogo. Fundi akasema, "Dada, mita moja inatosha, mbona pikipiki zinapanda." Pikipiki ina injini! Mimi nina mabega. Uwanja wa mbele haukutosha kunyoosha moja kwa moja, kwa hiyo tukaikunja ifuate ukuta, na kwenye kona tukaacha sehemu bapa ya kupumzikia na kugeuzia kiti. Pembeni tukainua ukingo wa tofali moja ili gurudumu lisichomoke.

Alipomaliza kumwaga zege akachukua mwiko aanze kupiga niru ing'ae. Nikamzuia. Niru ikilowa ni utelezi mtupu. Nilimpa fagio la chelewa, akalivuta juu ya saruji mbichi kwa upana, mistari ikabaki. Alinung'unika kwamba nitamharibia jina, watu wataona kazi chafu. Mvua ya kwanza ilipopiga magurudumu yalishika vizuri kabisa.

Mlango wa choo ulikuwa na uwazi wa sentimita 64. Kiti changu, kutoka ukingo wa tairi mpaka ukingo wa tairi, ni 63. Kwenye karatasi kinapita. Kwa kweli vidole vyangu ndivyo vinavyochubuka. Tukang'oa fremu ya mbao, tukapiga plasta kingo, tukapata 75. Kwa muda nilitumia pazia, baadaye nikaweka mlango wa aluminiamu wa kusukuma pembeni. Vyuma vya kushikia ukutani sikununua vile vya kutundikia taulo, vinang'oka. Fundi wa kuchomelea alinikatia bomba, likafungwa kwa bolti ndani ya tofali, kisha nikamwambia yeye mwenyewe, na kilo zake zile, aning'inie. Akaning'inia.

LUKU ilinisumbua kuliko nilivyotegemea. Umeme nanunua kwenye simu, lakini namba 20 lazima uziingize kwenye mita, na mita iko juu ukutani. Kwa sasa mtoto wa jirani ndiye anayeniingizia, na ananitoza pipi.

Njia yangu ya mteremko imekuwa ya ua mzima. Mitungi ya gesi inapitia pale, madumu ya maji yanapitia pale, na kijana wa nyumba ya tatu anaegesha pikipiki juu yake akirudi usiku, jambo tunaloligombania mpaka leo.

Mkataba ulipokaribia kuisha mama aliniita. Akasema anafikiria kuongeza elfu thelathini, maana nyumba sasa imeboreshwa, ina ile njia nzuri na mlango wa aluminiamu. Nikarudi ndani nikachukua mkataba, nikamwekea kidole kwenye kipengele. Akavaa miwani, akasoma polepole, akafika kwenye mhuri.

"Haya, ibaki ile ile," akasema. "Ila pikipiki ya huyo kijana mtamalizana wenyewe."