Nilivyojifunza kusoma hukumu za mahakama ya mataifa kwa kuanzia mwisho

Mtihani wangu wa kwanza wa sheria ya kimataifa nilipata alama ambazo sikumwonyesha mtu. Swali lilitaka nieleze jinsi Mahakama ya Kimataifa ya Haki inavyoamua migogoro, nami nikajaza kurasa tatu za marais na makamanda wanaoshtakiwa kwa uhalifu wa kivita. Mwalimu alizungushia wino mwekundu aya nzima, akaandika pembeni: "Hii ni mahakama nyingine."

Kweli ilikuwa nyingine. Zote mbili ziko The Hague na majina yanakaribiana, lakini Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoanza 2002, huhukumu watu. Hii ya Haki haina wa kumfunga. Wanaofika mbele ya majaji wake 15 ni nchi, na nchi haiburutwi kizimbani.

Nilipojiandaa kurudia, nilianza kwa kukariri orodha ya mashauri na miaka yake. Haikunisaidia kitu, baada ya wiki yote yalikuwa yamechanganyika kichwani. Ndipo nikaamua kuchukua shauri moja tu na kulisoma mpaka liishe. Nikachagua la Namibia na Botswana wakigombania kisiwa cha Kasikili, kinachoitwa Sedudu upande wa Botswana, katika mto Chobe. Sababu yangu haikuwa ya kisomi: kisiwa chenyewe ni kama kilomita za mraba tatu na nusu tu, na kwa miezi kadhaa kila mwaka hufunikwa na mafuriko. Nikajiambia, kesi ya kitu kidogo namna hii haiwezi kunishinda.

Ilinishinda siku mbili. Kurasa za mwanzo ni historia ya kila barua iliyoandikwa na maofisa wa kikoloni. Siku ya tatu, kwa uvivu, nikafungua ukurasa wa mwisho nione nani alishinda. Pale, chini ya maneno "kwa sababu hizi", mambo yalikuwa wazi: kwa kura 11 dhidi ya 4, mpaka unapita mkondo wa kaskazini, na kisiwa ni cha Botswana. Ilikuwa Desemba 1999. Sasa nilikuwa na swali la kurudi nalo nyuma: kwa nini kaskazini?

Jibu lilianzia kwenye mkataba wa 1890 kati ya wakoloni wa pande hizo mbili, Ujerumani kwa Namibia na Uingereza kwa Botswana, uleule ambao Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza na yenyewe ikapata kisiwa cha Heligoland. Kwa Kiingereza mkataba unasema mpaka ni katikati ya mkondo mkuu wa mto. Kwa Kijerumani unataja Thalweg, yaani mstari unaofuata kina kirefu zaidi. Majaji waliona maneno hayo mawili yamekusudia kitu kimoja. Kazi ikabaki: mkondo mkuu ni upi? Nilichora mto kwa penseli, unagawanyika, unazunguka kisiwa, unakutana tena. Pembeni nikaandika vipimo vya mahakama kimoja kimoja: kina, upana, wingi wa maji, vyombo vinavyoweza kupita. Namibia ilitegemea sana maji yanayopita kusini wakati wa mafuriko. Mahakama ikasema mto haupimwi ukiwa umefurika. Namibia ikaleta hoja nyingine, kwamba Wamasubia, wenyeji wa upande wake, walilima pale miaka mingi. Mahakama ilikubali kwamba walikitumia kisiwa, ila hawakukitumia kwa niaba ya dola. Hoja hii ndiyo iliyonigusa kuliko zote, na bado inanikera kidogo: jembe la mkulima halihesabiki mpaka serikali iwe nyuma yake.

Toka hapo kila hukumu naanza mwisho, narudi kwenye sababu, kisha nasoma jaji aliyepinga. Historia naimalizia.

Kitu cha pili kilichonifungua ni safu moja niliyoiongeza kwenye daftari, nikaiita "mlango". Kwa kila shauri najaza nchi hizi zilikubali wapi kuhukumiwa. Botswana na Namibia ziliandikiana makubaliano maalumu ya kwenda mahakamani, 1996. Somalia ilipoishtaki Kenya mwaka 2014 juu ya mpaka wa bahari, mlango ulikuwa matamko ambayo kila moja iliyatoa miaka ya 1960 kukubali mamlaka ya mahakama. Kenya iliweka pingamizi la awali, likakataliwa 2017. Vikao vya 2021 haikushiriki, na hukumu ikatoka Oktoba mwaka huohuo. Mlango wa tatu ni kifungu ndani ya mkataba fulani kinachosema ugomvi wowote juu yake upelekwe huko. Nusu ya ninachokisoma ni watu kubishana mlangoni.

Wenzangu huniuliza kila mara, nani atatekeleza? Nina majibu mawili, na hayapatani. Nigeria iliambiwa 2002 kwamba rasi ya Bakassi ni ya Kamerun, na kufikia 2008 ilikuwa imeikabidhi. Albania iliamriwa 1949 kuilipa Uingereza pauni 843,947 kwa manowari zilizogonga mabomu kwenye mlango-bahari wa Corfu. Suala la malipo likaja kumalizwa miaka ya 1990.

Mtihani wa kurudia nilifaulu. Lakini kuna shauri moja ambalo njia yangu ililikataa: la Ethiopia na Liberia dhidi ya Afrika Kusini, 1966, kuhusu utawala wake katika Namibia ya leo. Ukianza mwisho unakuta kura 7 kwa 7, rais wa mahakama akiongeza kura ya uamuzi, na wadai wakiambiwa hawana haki ya kisheria ya kudai. Nilirudi kutafuta sababu mara tatu. Mara ya nne nikaziacha, nikaanza na jaji Tanaka, aliyepinga.