Nilivyoifuata kwa miguu reli ya Sigi ambayo haipo tena

Watu wengi wa Tanga tunaijua reli moja tu, ile kubwa inayotoka mjini ikapita Muheza, Korogwe, Mombo mpaka Moshi. Ndio reli ya kwanza Tanzania bara, Mjerumani alianza kuijenga 1893, Muheza ikafika 1896, na mpaka wanaifikisha Moshi ni 1911, yaani miaka kumi na nane kwa kilometa 352. Sasa palikuwa na nyingine ndogo, ilichepuka pale Tengeni karibu na Muheza ikaelekea Sigi chini ya milima ya Amani, kilometa 23 hivi, upana wake sentimita 75 wakati hii kubwa ni mita moja. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 ili kushusha mbao za Usambara. Reli zenyewe ziling'olewa zamani sana, lakini njia yake ipo, na mimi nimeifuata kwa miguu kipande kwa kipande, jumamosi kwa jumamosi, ndio nataka nieleze nilivyoweza maana kwa mkoa huu mzima sijaona matembezi yanayonipa raha kama haya.

Kazi yangu ni ya kukaa, kutwa nzima kwenye kiti, jioni mgongo unauma na usingizi hauji. Niliambiwa nitembee. Kutembea mjini kuzunguka mitaa ilinichosha kichwa zaidi, bodaboda zinapiga honi, kila hatua mbili unasalimiana na mtu anakuuliza unaenda wapi. Nikasema wacha niende shamba, wakwe zangu wako Muheza, nitalala kwao ijumaa na asubuhi naingia njiani.

Kitu kilichonisaidia kuipata njia ni maneno ya marehemu baba. Yeye alikuwa fundi wa gengi la reli upande wa Mnyusi, pale inapoungana na ile ya kutoka Ruvu iliyofunguliwa 1963, na tulipokuwa wadogo alikuwa anatwambia, "Treni haipandi mlima, treni inauzunguka." Basi. Ukilishika hilo umeshapata nusu ya kazi. Barabara ya gari inaweza ikaukwea mlima hivihivi na pikipiki ndio kabisa, lakini treni hata iwe ndogo namna gani inataka mteremko mdogo na kona pana, kwahiyo ukiwa kwenye kilima na ukaona ukanda umelala sawa unakifuata kilima kwa ubavu, upande mmoja udongo umechongwa na upande wa pili umejazwa, hapo simama uangalie vizuri. Maji huwa hayafanyi hivyo, na mkulima hana sababu ya kuchimba hivyo. Halafu angalia kwenye vijito, ndio sehemu nzuri kuliko zote, maana tuta la reli lazima lipitishe maji chini yake, ukikuta kalavati la mawe yaliyochongwa katikati ya migomba wala usiulize mara mbili.

Na kingine ambacho hakuna aliyeniambia, nimekiona mwenyewe. Wafuate kina mama wenye mizigo. Ukiona mama ana ndoo ya machungwa kichwani ameiacha barabara akaingia njia ya ndani, mara nyingi njia ile haina mlima, wao wanajua pa kupumzisha shingo, na sehemu kadhaa nimekuta njia yao ndio lile tuta la zamani. Mimi naliona jambo kubwa sana hilo, waliochimba walikuwa babu zetu kwa majembe na makarai, wengi kwa kulazimishwa, mbao zilienda zao Ulaya, na leo kinachobaki kinawabeba wajukuu zao na machungwa yao.

Kuna sehemu nilipotezana nayo kabisa, shamba la mihogo limeshuka mpaka kijitoni na hakuna dalili yoyote. Nikamkuta mzee anapalilia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, umepotea?"

Nikamwambia natafuta palipopita gari moshi la Sigi. Akaegemea jembe akanitazama muda, halafu akasema yeye hakuliona, baba yake ndiye aliyeliona, lakini hapa tulipo mihogo inatoa vizuri isipokuwa mstari ule pale, ardhi ngumu, jembe linagonga mawe. Akanyoosha mkono. Kweli, mihogo ya mstari ule mmoja ilikuwa mifupi kuliko yote, na ukiufuata kwa macho unaingia moja kwa moja kwenye kipande kilichochongwa ng'ambo. Toka siku hiyo kila nikifika kwenye shamba naangalia mazao kwanza, na nasalimia kwanza kabla ya kukanyaga popote, shamba ni la mtu.

Raha yenyewe sasa. Njia ya treni ukiitembea kwa miguu huhemi, ile tambarare inakuachia macho yako uyatumie. Unaanza na minazi na michungwa ya Muheza, joto, halafu taratibu hewa inabadilika na wala hukujua saa ngapi umepanda. Upande wa Longuza ni mitiki mitupu, ile misitu ya kupandwa, kiangazi majani yake makubwa yanadondoka mpaka unatembea unasikia kwachakwacha na hakuna sauti nyingine, mwanga unaingia mpaka chini. Ukisogea zaidi mitiki inaisha unaingia kwenye miti ya asili, giza giza, hapo ndio unasikia hondohondo wanapita juu, mabawa yao yana mvumo wake, na ukitulia unawaona mbega wametundika mikia myeupe. Mto Zigi unausikia kabla hujauona. Huu ndio mto unaojaza bwawa la Mabayani, maji tunayokunywa Tanga mjini, miaka yote nafungua bomba sikuwahi kuyaona yakiwa bado yanapita kwenye mawe. Nilikaa pale muda mrefu tu.

Sigi penyewe nyumba ya stesheni masta bado ipo, imekarabatiwa, ni kituo cha taarifa cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Reli iliishia hapa, Amani yenyewe iko juu huko mita 900 hivi na haikufika, ingawa Wajerumani walishaweka kituo chao cha utafiti wa mimea huko tangu 1902. Kuanzia hapa ni hifadhi, unalipa kiingilio na unachukua mtu wa kukuongoza, na mimi nashauri umchukue, ndiye aliyenionyesha yale maua madogo ya zambarau yanayokaa kwenye miamba yenye unyevu, ambayo wazungu wanayaweka madirishani kwao dunia nzima na asili yake ni milima hii.

Kwa anayetaka kujaribu, usichukue njia yote kwa siku moja, ikate vipande, panda gari au boda mpaka ulipoishia na uendelee. Nenda kiangazi, masika udongo mwekundu unateleza vibaya. Vaa buti, beba fimbo na maji, toka alfajiri. Na tafadhali ile reli kubwa ya Tanga Moshi usitembee juu ya mataruma hata ukiona nyasi zimeota, treni zinapita na viberenge vya mafundi vinakuja bila kelele, tembea pembeni kwenye njia za wanakijiji.

Mimi usingizi umerudi, mgongo nao umetulia sana. Sasa hivi napigia hesabu Mkumbara, baada ya Mombo, ambako Wajerumani waliweka waya wa kushushia mbao kutoka Shume kilometa tisa hewani mpaka relini. Shemeji yangu ana ndugu pale Mazinde, tumeshaongea, mvua zikikatika tunaenda kutafuta ilipokuwa misingi ya nguzo zake.