Mandarini wangu na baridi ya Juni

Mbeya, Jumapili usiku

Umeme umerudi saa nne na nusu, baada ya kukatika tangu magharibi, na kipimajoto cha tangi la samaki wangu kimeshuka hadi nyuzi 22, ilhali siku za kawaida hakipungui 25. Muda wote huo nilikuwa nikichemsha maji kwenye jiko la gesi, nikiyajaza katika chupa zilizofungwa vizuri na kuziacha zielee tangini, huku blanketi la kitandani kwetu likiwa limefunika vioo vitatu. Mke wangu hakusema neno. Alichukua kitenge akajifunika.

Samaki mwenyewe hafiki urefu wa kidole changu cha kati. Ni mandarini, mwenyeji wa Pasifiki ya magharibi, pande za Ufilipino na Indonesia, mwenye michirizi ya rangi ya chungwa na kijani iliyojipinda juu ya buluu kali. Buluu hiyo ina kisa chake: kwa samaki wengi ni mchezo tu wa mwanga unaogonga vibamba vyembamba ndani ya ngozi, lakini mandarini ana seli zilizobeba rangi ya buluu yenyewe, jambo adimu mno kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Magamba hana. Amevikwa ute mzito unaonuka, na huo ndio ngao yake.

Wa kwanza alinifia. Muuzaji aliniapia kwamba anakula chochote, nami nikaamini, nikawa namwaga chakula cha punje asubuhi na jioni huku nikishangaa kwa nini tumbo lake linazidi kubonyea. Alikufa njaa katikati ya chakula. Mandarini hutafuta kopepodi, vijidudu wa ukoo mmoja na kamba ambao wengi wao hawafiki milimita mbili, akiwadonoa mmoja mmoja juu ya mawe mchana kutwa, na tangi jipya halina akiba ya kumtosha. Kwa hiyo safari hii nilianza na malisho: mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe wadogo ndani yake, mwani, mbegu ya kopepodi, kisha miezi kumi ya kulitazama tangi la lita 300 ambalo mgeni yeyote angeapa kwamba ni tupu. Dada yangu alikuwa akiliita karo la maji ya chumvi.

Jirani yetu, mzee wa Kyela, naye alinihurumia. "Kijana wangu, si ungeshuka Matema tu? Samaki wa rangi wamejaa ziwani." Sikumbishia mzee. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri, tena wagumu, na maji yao hayadai gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, chumvi iliyochanganywa maalumu pamoja na kalsiamu na magnesiamu, kwa kuwa ile ya jikoni peke yake haiwezi kulea matumbawe.

Kinachonikosesha usingizi zaidi huku kwetu, hata kuliko baridi, ni hewa. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, hivyo oksijeni inayoyeyuka majini nayo hupungua kwa kadiri hiyo. Ndiyo maana pampu ya hewa nimeiunga na betri ya gari, na hita sikuziunga, maana zingeimaliza betri kabla ya saa tatu. Usiku huu baridi angalau imenifaa kwa jambo moja: maji yakipoa hubeba oksijeni zaidi.

Saa sita na robo sasa, nyuzi 23. Nimeinua pindo la blanketi na kumulika kwa tochi ya simu niliyoiziba nusu kwa kidole. Amelala chini ya jiwe la pembeni, amepauka kidogo, mapezi ya kifuani yanapepea polepole, na tumbo bado ni la mviringo. Blanketi limeshika madoa ya chumvi. Kesho nitalifua mwenyewe.