Breki Zilipokwisha Kirua

Krismasi ya 2018 kaka yangu alitua kutoka Marekani na baiskeli ndani ya katoni, magoti yamejaa makovu, na wazo moja kichwani: tukate ubavu wa Kilimanjaro kwa njia za miguu, kutoka kwetu Marangu hadi Machame, siku tatu. Ni mtoto wa baba mkubwa, kanizidi miaka minne, nami tangu utotoni sijawahi kumkatalia kitu.

Anaishi Fort Collins, Colorado. Huko, alisema, Jumamosi watu wanapanda milima kwa baiskeli, wanateremka juu ya mizizi na mawe, na jioni wanaishia kwenye kiwanda kidogo cha bia. Alinihadithia New Belgium, kilichoanza mwaka 1991 chini ya nyumba ya mtu mmoja aliyewahi kuzunguka Ubelgiji kwa baiskeli. Bia yao iliyovuma wakaiita Fat Tire, yaani tairi nene, na mfanyakazi akitimiza mwaka anapewa baiskeli. Nilimuuliza kama anayeishi karibu na kiwanda anapewa nini. Akacheka, akatoa kopo moja la bia hiyo alilolifunga ndani ya soksi. La shangazi, akasema.

Mimi baiskeli niliijua kama chombo cha kubebea mikungu ya ndizi. Nikakodi moja Moshi, yenye gia na breki za diski. Kijana aliyenikodisha aliapa kuwa pedi za breki ni mpya.

Asiyewahi kwenda Uchagani kwa ubavu hudhani mlima ni mteremko mmoja. Barabara nyingi zinapanda mlima au kuushuka, hazikati ubavu, ndiyo maana mtu hashtuki. Ukikata kushoto au kulia ndipo unapojua kuwa kila mto umechimba korongo lake. Unashuka mpaka majini, unavuka magogo mawili, unasukuma baiskeli juu nusu saa, unapumua, halafu unaona korongo lingine. Juu ni migomba na kahawa na miparachichi, vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vimebanana, na njia inapita karibu na mlango wa mtu kiasi kwamba usiposalimia umekosa adabu. Tulisalimia mpaka koo zikakauka. Mzee mmoja alimtazama kaka na helmeti yake, akamuuliza anakimbia nini.

Mvua za vuli zilikuwa hazijakatika. Udongo ule mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na ukiingia kwenye breki unasaga kama msasa. Siku ya pili, korongo la mwisho kabla ya kwa shangazi Kirua Vunjo, nilisikia chuma kikikwaruza chuma. Kisha kimya. Nikabana breki zote mbili, hakuna kitu. Nilimpita kaka, nikapita kona iliyonihusu, nikaenda kutua ndani ya mfongo, yaani mfereji wa maji, mbavu juu ya jiwe.

Sijainuka, kichwani pangu amesimama mtu na jembe.

"Toka hapo, kijana. Unaziba maji, na leo ni zamu yangu."

Alikuwa na haki. Mifongo ile ilichimbwa na mababu kuteremsha maji ya mtoni hadi vihambani, na zamu ni zamu. Nilitoka kwanza, pole ikaja baadaye.

Shangazi alitupokea uani, akanikagua juu hadi chini. "Karibuni, baba zangu. Huyu kapigwa na nani?"

Ilikuwa tarehe 23 Desemba. Fundi wa Moshi aliahidi kwa simu kutuma pedi kesho yake kwa Noah inayopanda Kirua. Machame ikafa hapo hapo. Kaka alinuna kama saa nzima, mpaka aliponusa kilichokuwa nyuma ya jiko.

Shangazi alikuwa anatengeneza mbege ya sikukuu, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu alishazichemsha siku kadhaa nyuma, hadi zikawa nyekundu, na sasa zilikuwa ndani ya pipa zikitoa povu na harufu inayochoma pua. Siku hiyo ilikuwa ya kuchuja na kuchanganya na uji wa kimea cha ulezi. Ulezi ulishaloweshwa, ukaoteshwa chini ya majani ya migomba, ukaanikwa. Ulibaki kusagwa. Basi baiskeli ya Colorado, ambayo kaka hakutaka hata niiguse, ikafungwa gunia la ulezi kwa mpira na kupelekwa mashineni. Ilirudi imejaa unga hadi kwenye gia.

Kaka aliuliza maswali ya kiwandani. Nyuzi joto ngapi? Shangazi alitumbukiza kidole kwenye uji, akakitoa. "Hizi." Alipoonyeshwa magome ya msesewe, yanayotiwa ili mbege iwe na uchungu wake, kaka alishangilia kama aliyekutana na ndugu: kumbe hiyo ndiyo hopsi yetu, ile inayotia bia uchungu! Shangazi alisema hamjui huyo Hopsi, ila msesewe usizidishe, utaharibu pipa zima.

Kesho yake adhuhuri mbege ilikuwa tayari. Shangazi alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza, kama mila inavyotaka, watu waone haina kitu kibaya, ndipo akampa jirani mkubwa kwa umri. Alikuwa yule yule wa jembe. Zamu yangu ilifika mwishoni kabisa. Ilikuwa nzito, chachu kidogo, ulezi unakwaruza ulimi, uchungu unakuja nyuma. Mbavu zilipoa, au nilizisahau.

Ndipo kaka akatoa kopo lake kwenye soksi kwa heshima zote. Shangazi alipiga funda, akalishika mdomoni, akameza. Alilitazama kopo, akaliweka sikioni.

"Nzuri," akasema. "Ila hii ilikufa lini?"

Kaka alijaribu kueleza habari za kuchuja na kusafirisha. Shangazi alimpigapiga begani kama mfiwa.

Pedi zilifika saa tisa, zimeviringishwa kwenye gazeti. Tulizifunga wenyewe, tukaaga ili tuwahi barabara kuu ya Moshi na Himo kabla ya giza. Shangazi alinijazia mbege kwenye chupa ya maji ya baiskeli, akanionya nisikaze kifuniko. Mimi nikakaza, njia ile ina mashimo.

Mteremko wa tatu ndipo chupa ilipolipuka. Kifuniko kilipita karibu na sikio, povu likanijaa uso mzima, ulezi ukaniingia machoni, na nyuma yangu nikamsikia kaka akipiga kelele: "Iko hai! Shika breki! Iko hai!"