Siku moja maishani mwangu: wimbo wa mapigo saba

Saa 12 asubuhi. Nimeamka na mstari wa besi uleule ulionilaza. Noti saba, kisha unarudi mwanzo. Tatizo lake ndilo hilo saba: miguu yetu imezoea nne. Leo tunarekodi, na hadi jana usiku dogo wa dramu alikuwa bado anaongeza pigo la nane bila kujijua.

Saa 2. Bajaji hadi Sinza, besi mapajani, amplifaya miguuni. Dereva akauliza tunapiga muziki gani. Jazi-roki, nikamwambia. "Kama Morogoro Jazz?" Simlaumu. Bendi zetu nyingi zilijiita jazz huku zikipiga dansi. Hii yetu ni gitaa la roki linalounguruma juu ya kodi za jazi (kodi za muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja; ya nyumba nimeshalipa).

Saa 3 na nusu. Studio ni chumba cha uani, sponji za magodoro ukutani, blanketi ndani ya dramu kubwa isivume. Maiki nne tu kwa seti nzima: dramu kubwa, snea (ile dramu ndogo kali), na mbili juu ya matoazi. Hizi za juu zinanasa kila kitu, kwa hiyo tukirekodi feni inazimwa na jasho linatiririka hadi kwenye nyuzi.

Jaribio la kwanza tulianguka mzunguko wa tatu. La pili, wa tano. Nikamtazama dogo mdomo: alikuwa anahesabu moja, mbili, tatu, kila namba pigo moja, ila akifika "saba" anaivuta mapigo mawili, sa na ba. Silabi mbili, pigo la nane hilo hapo! Nikamwambia aache namba, aseme "ndizi na nyama choma". Ndi-zi-na, nya-ma, cho-ma. Tatu, mbili, mbili, na mkazo wa maneno unaangukia palepale fimbo inapotakiwa kuwa nzito. Akacheka, kisha akapiga mizunguko ishirini bila kuyumba.

Saa 6 na nusu mchana, adhana. Tukasimama, tukala wali maharage. Nikawawekea albamu ya mpiga kinanda wa jazi wa Marekani, Herbie Hancock, ya 1971, Mwandishi, jina la Kiswahili alilolichukua mwenyewe. Mpiga besi wake, Buster Williams, akawa Mchezaji. Wimbo wa kwanza unakwenda kwa mapigo 15. Dogo akahesabu kwa vidole, akatoa hukumu: "Ndizi na nyama choma mara mbili, na kachumbari pigo moja."

Saa 8 akaingia mzee wa gitaa la solo, mtu wa dansi tangu ujana wake.

"Mwimbaji yuko wapi?"

"Hayupo, mzee. Ni ala tupu."

"Sasa mimi namjibu nani, mwanangu?"

Swali la haki kabisa. Nikamwomba aijibu besi. Alianza kwa sauti safi, tamu, ya harusini. Prodyuza akakanyaga pedeli ya distosheni, ile inayolifanya gitaa lingurume, na mzee akashtuka kama kaguswa na umeme. Kodi ya noti tano ikipita kwenye distosheni inakuwa uji. Ilibidi kodi nzima tumwachie kinanda, gitaa libaki na nyuzi mbili. Mzee alinuna kidogo, halafu akavuta noti moja ikalia mzunguko mzima, na hakununa tena.

Saa 10 umeme ukakatika katikati ya jaribio bora la siku. Sitaki kulizungumzia.

Saa 1 usiku, kuunga vipande. Mwanzo wa jaribio la tatu, mwisho wa la sita. Prodyuza Teo Macero aliwahi kuzikata tepu za mpiga tarumbeta Miles Davis kwa wembe na kuziunga upya, nami nina kipanya cha kompyuta, basi aibu ya nini?

Nikavaa hedifoni. Dakika ya tatu, chini ya matoazi, sauti ya dogo inanong'ona wazi: ndizi na nyama choma, ndizi na nyama choma. Imo ndani ya maiki za juu, haitoki bila kutoka na matoazi. Nikampa mzee asikilize.

"Si ulisema mwimbaji hayupo?"

Nikaiacha.