Buti ya Sivi Joint na Ukucha wa Mjomba

Jana jioni gari moja limekata kona kuingia sheli likalia ka-ka-ka-ka, mlio wa chuma kinachotafunana kikavu, na papo hapo nikamkumbuka Mjomba na ile Corolla ya 1994.

Mlio ule ni wa sivi joint iliyokwisha, yaani jointi ya gololi kwenye shafti inayozungusha gurudumu la mbele. Ya Mjomba haikuwa imefikia kulia. Aliliona jambo mapema: grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa ringi ya kushoto, mpaka shokapu imerukiwa. Alipokata stelingi yote na kuchungulia nyuma ya gurudumu, ufa ulikuwa pale chini kabisa ya mkunjo wa buti, ule mfuko wa mpira unaofunika sivi na kushika grisi yake. Shafti ina buti mbili, ya nje karibu na gurudumu na ya ndani karibu na giaboksi. Ya nje ndiyo huchoka kwanza, kwa sababu hukunjwa kila unapokata kona, na mpira uliokwisha kukauka hauvumilii kukunjwa. Shafti ikizunguka inarusha grisi nje kupitia ule ufa, vumbi na maji ya barabarani vinaingia.

Kuifungua hakukuchukua muda. Kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee, ilitolewa, nati ya habu, kitovu cha gurudumu, namba 30 ikalegezwa gari likiwa bado chini na mimi nimekanyaga breki, maana likishanyanyuliwa utazungusha gurudumu tu. Ndipo jeki, ndipo stendi. Bol jointi ikaachanishwa na loa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu: bolti moja na nati mbili, zote namba 17. Mjomba akairudishia nati ya habu mpaka ikalingana na ncha ya shafti, akagonga juu yake kwa kipande cha mbao. Ukipiga nyundo kwenye ncha tupu sredi, yale meno ya kufungia nati, zinakunjika, na hapo umejitafutia shafti nyingine.

Sivi ya nje ya Corolla hizi haichomolewi kwenye shafti, kwa hiyo buti yake huingilia upande wa ndani. Alikata klipu za buti ya ndani, akavuta shafti ikatoka kwenye kikombe chake, kikombe kikabaki giaboksi na oili haikumwagika hata tone. Ile tripodi ya miguu mitatu iliyo kwenye ncha ya ndani ya shafti aliifunga tepu ili roli zisichomoke, akaweka alama ya rangi juu yake na juu ya shafti, akatoa klipu ya kufungia, akaigonga taratibu mpaka ikaachia. Alama ya rangi, si ya patasi.

Sehemu ninayoikumbuka kuliko zote ni hii inayofuata. Alipasua buti kuukuu kwa kisu, akachota grisi ya ndani kwa kidole cha shahada, akaisugua na gumba. Kisha akanipaka mimi. "Sugua, mpwa wangu." Grisi nzima huteleza kama haipo. Ile ilikuwa na chembe, chembe za mchanga zinazokwaruza ngozi.

"Mjomba, hii si imekwisha?"

Hakujibu. Aliitumbukiza sivi kwenye beseni la mafuta ya taa, akaizungusha, akamwaga, akatia mengine, mpaka mafuta yakatoka meupe. Akaipuliza ikakauka. Halafu akakaa juani, akainamisha kikombe cha nje kwa mkono mpaka gololi ya kwanza ikajitokeza, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza. Gololi sita, moja baada ya nyingine. Katika kila mfereji alipitisha ukucha wa gumba polepole, kwa sababu jicho hudanganywa na mng'aro lakini ukucha hunasa. Kwenye mfereji mmoja ulinasa. Akarudia. Ukanasa tena, kidogo sana, kama nywele.

"Imeliwa?"

"Imeguswa," alisema. "Haijaliwa." Akaichukua buti mpya.

Grisi ilikuwa ile nyeusi ya molibdeni inayokuja na buti. Ya beringi ya kawaida haiwezi mgandamizo wa gololi zile. Nusu ya pakiti aliisukuma kwa gumba mpaka ikatokea upande wa pili wa gololi, nusu akaiacha ndani ya buti. Midomo ya buti aliipangusa ikawa mikavu kabisa ili isiteleze. Mdomo mdogo ukakaa kwenye kijifereji cha shafti, ukabanwa. Kabla ya kubana ule mkubwa aliingiza bisibisi nyembamba chini yake, hewa ikatoka, mikunjo ikakaa sawa. Usipofanya hivyo buti inavimba au inanywea, na itachanika tena mahali palepale. Klipu zilikuwa za bati, za kubana kwa koleo. Waya unakata mpira.

Buti ya ndani nayo ilipata grisi na klipu mpya. Nati ya habu ilikazwa gurudumu liko chini, nyutoni mita 216, na kotapini mpya.

Gari liliuzwa likaenda Handeni, na mpaka siku hiyo halikuwa limelia. Lakini ule mfereji ulionasa ukucha bado unanirudia. Fundi mwingine angesema nunua shafti nzima, na sina hakika ningekuwa na hoja ya kumshinda. Ninachojua ni kwamba shafti mpya za bei rahisi nimezifunga, nyingine zikaanza kulegea mapema kuliko nilivyotarajia, na kwamba sivi ya kiwandani ikiwahiwa kabla haijalia huwa na maisha marefu. Ikishalia, buti mpya haiinyamazishi. Kati ya nzima na iliyokwisha kulia kuna ile iliyoguswa tu, na hiyo mpaka leo naiamua kwa ukucha.